Maziwa Yaliyoongezwa

Shangazi yangu alimwaga maziwa ya watu kwa miaka ishirini na sita. Si kwa bahati mbaya, wala si kwa roho mbaya, ingawa waliomwagiwa walisema ni roho. Ilikuwa kazi yake. Alikaa mlangoni pa kituo cha kupokea maziwa, wafugaji wakapanga foleni na madebe yao, na yeye akatumbukiza katika kila debe kipimo chake cha kioo, kile kinachoelea wima na kina alama shingoni. Maziwa yakiwa mazima, kipimo kinaelea juu. Kikizama chini ya alama, basi kuna mtu amepitia bombani kabla ya kufika kituoni. Shangazi hakuwa mtu wa kelele. Alisema neno moja tu, "Yameongezwa," na debe likapinduliwa mtaroni mbele ya mwenyewe.

Wafugaji wakampa jina la Bi Kipimo. Mmoja aliwahi kumwapia kwamba alinyeshewa njiani. Shangazi akamwangalia shati lake kavu, akamuuliza, "Mvua ilinyesha ndani ya debe tu, baba?" Hadithi hiyo aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka alicheka peke yake kabla hajafika mwisho. Nyumbani nako alikuwa vilevile. Alipima mchele, alipima chumvi, alipima hata maneno. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya foleni, anataka kujua foleni ilikuwa na watu wangapi. Mimi, binti wa mdogo wake, nimelelewa nusu kwa baba na nusu kwa huyu mama, na mpaka leo siwezi kusema "karibu nusu saa" bila kuangalia ukuta kama kuna saa.

Alipostaafu alikuwa ameshaacha nyama. Alisema hawezi kumla mfanyakazi mwenzake. Tulidhani ni utani, lakini ng'ombe akaondoka kwenye sufuria, mbuzi akamfuata, kisha kuku na mayai yake. Samaki hakuwahi kumpenda. Yakabaki maziwa, na baada ya miaka michache nayo tumbo likayakataa. Akinywa kikombe kimoja, tumbo linanguruma mpaka jirani anagonga ukuta. Miaka ishirini na sita ya kuonja, mwili ukasema basi.

Ndipo dada wa lishe pale kliniki alipomwambia atumie maziwa ya soya yaliyoongezwa virutubisho. Akampa na karatasi yenye jedwali, maana Shangazi alimwambia kwamba yeye anakula mbegu za alizeti na zinamtosha, na yule dada akataka alinganishe mwenyewe. Jioni hiyohiyo Baba akapanda ghorofani kwa Shangazi na boksi la maziwa ya soya. Aliliweka mezani kwa mikono miwili kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimehamia kwa Shangazi na cherehani yangu kwa wiki mbili tu, wakati paa la chumba changu linatengenezwa. Shangazi hakuwa na miwani yake. Alilishika boksi mkono ukiwa umenyooshwa, akasoma kile alichoweza kukiona. Watengenezaji, sijui nani aliwashauri, walikuwa wameandika kwa herufi kubwa MAZIWA YA SOYA YALIYOONGEZWA, na neno "virutubisho" wakalitupa mstari wa chini kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi.

"Yaliyoongezwa," Shangazi akasoma. Akaliweka boksi chini taratibu. "Na wanajisifu?"

"Dada, yameongezwa virutubisho," Baba akasema.

"Wote husema hivyo. Kuna mmoja aliniambia kaongeza baraka."

"Basi sema yamerutubishwa."

"Shamba ndilo linarutubishwa, mdogo wangu. Unataka niote majani?" Akaligeuza boksi upande wa pili. "Na huyu soya anakamuliwa wapi? Nionyeshe chuchu."

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Baba hakucheka. Alimpenda dada yake, na alikuwa amepanda ngazi arobaini na sita na boksi lile. Shangazi akachukua bakuli la mbegu zake, alizokuwa akizikaanga mwenyewe kwa chumvi kidogo, akalisukuma mbele yake. "Hizi huwezi kuziongeza," akasema. "Ukizitia maji zinaota, na wizi unaonekana."

Baba ni mtu mpole lakini si mjinga. Alijua mahali pa kumbana. "Haya, Dada. Wewe si mtu wa vipimo? Twende kwa vipimo."

Hapo Shangazi hangeweza kukataa. Nikapewa karatasi nisome, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mazima, na nikaisoma kama mtangazaji wa mpira. Gramu mia za mbegu kwa gramu mia za maziwa. Protini: mbegu ishirini, maziwa tatu. Mafuta: mbegu hamsini, maziwa mbili, na karatasi ikaongeza kwamba ni mafuta mazuri. Vitamini E: mbegu chungu nzima, maziwa kidogo. Magnesi, mbegu. Madini ya chuma, mbegu. Shangazi alikuwa akitafuna na kuitikia kwa kichwa kila nilipotaja. Kalsiamu ikaenda kwa maziwa, na Baba akapiga meza.

"Halafu hizo gramu mia ni danganya toto," Baba akasema. "Nani anakula gramu mia za mbegu? Glasi moja ya maziwa ni mia mbili na hamsini. Pima kiganja chako tuone."

Shangazi akaleta mizani ya jikoni. Kiganja chake kikawa gramu thelathini. Tukapiga hesabu upya: protini sita kwenye kiganja, nane kwenye glasi. Baba akaanza kunusa ushindi. Nami nikaona mabishano haya yatatupeleka mbali, na nilikuwa na suruali ya mteja inayosubiri zipu. Nikaisoma mistari miwili ya mwisho mbiombio. Vitamini D: mbegu sifuri, maziwa mikrogramu moja. Vitamini B kumi na mbili: mbegu sifuri, maziwa karibu mikrogramu moja.

"Mikrogramu ndiyo nini?" Shangazi akauliza.

"Gawanya gramu moja vipande milioni, Shangazi. Chukua kipande kimoja."

Akaacha kutafuna. Akanitazama, akamtazama Baba, kisha akaangua kicheko. "Hiyo hata sisimizi haimshibishi!"

Baba naye akacheka. Mimi nikacheka. Sote watatu tulicheka mezani pale, na mjadala ukafia hapo. Baba akarudi na boksi lake, nami nikarudi kwenye zipu. Nayasema haya wazi kwa sababu baadaye kila mtu katika ukoo alitafuta wa kumlaumu, wengine wakasema ni ubishi wa Bi Kipimo, wengine wakasema Baba alilegea. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyesoma kwa haraka.

Mbegu sitazitukana. Ni chakula, na zilimweka vizuri muda mrefu. Ngozi yake iling'aa, nguvu anazo, na kila asubuhi alishuka ngazi arobaini na sita kwenda kukaa na Bi Chujio.

Bi Chujio alikuwa mwenzake wa kituoni. Shangazi akipima, Bi Chujio anachuja kwa kitambaa cheupe, bega kwa bega miaka yote hiyo. Sasa aliishi ng'ambo ya mtaa wetu, chumba cha chini, na kiti chake kilikuwa barazani. Magoti yake hayakupanda ngazi hata tatu, kwa hiyo Shangazi ndiye aliyekuwa akimwendea. Walikaa mpaka saa tano wakiwasema watu waliokwisha kufa. Ukimuuliza Shangazi ana ndugu wangapi, anasema wawili, na wa pili si wa tumbo moja.

Kisha kiatu cha kushoto kikaanza kumbana. Ndivyo alivyosema. Akampelekea fundi viatu wa chini ya jengo letu akipanue. Baada ya mwezi akampelekea tena. Mara ya tatu yule fundi akakishika kiatu, akakigeuza, akamwambia, "Bi Kipimo, nikikipanua zaidi kitakuwa mtumbwi. Tatizo si kiatu." Shangazi akamwambia ashike nyundo yake na mdomo wake.

Haikuwa kiatu. Ilikuwa ganzi, na ilianzia vidoleni ikawa inapanda, baadaye ikaingia mguu wa kulia na mikono pia. Kliniki walimchoma kidole, wakasema damu iko vizuri, ni uzee tu. Akaikubali hukumu hiyo kwa sababu ilikuwa na kipimo nyuma yake. Akaanza kushuka ngazi akiwa ameshika ukingo. Kisha akashuka akiwa amenishika mimi. Siku moja, ngazi ya kumi na mbili, alisimama akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti, "Mguu nimeuweka, lakini sijui nimeuweka wapi." Tukarudi juu. Tangu siku hiyo hakushuka tena.

Miezi minane. Kutoka kitandani hadi dirishani hatua tisa, kutoka dirishani hadi jikoni hatua tano, na alizijua zote kwa kuzihesabu maana mguu haukumwambia. Paa la chumba changu lilikwisha kutengenezwa zamani, mtu mwingine akakihamia. Wateja walinipandia juu wakihema, wengine wakaacha kupanda. Kuna mama mwenye chuo cha ushonaji aliyenitaka nikafundishe, nikamwambia anipe mwezi, nikamwambia tena anipe mwezi, mwishowe akachukua mtu mwingine na alifanya sawa. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na watu wawili wasiotoka. Tuligombana juu ya kifuniko cha sufuria. Tuligombana juu ya nani kasogeza kiti. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na mguu wake, na kuna siku niliufunga mlango wa choo nikalia kwa sababu chumvi ilikuwa imekwisha na dukani ni ngazi arobaini na sita kwenda na arobaini na sita kurudi.

Yeye hakulalamika, na hilo liliniudhi zaidi. Alisikiliza ngazi. Alikuwa akikaa karibu na mlango akiwatambua majirani kwa vishindo: huyu wa ghorofa ya pili kanunua viatu vipya, huyu leo kabeba kitu kizito. Ikifika saa tatu alikwenda dirishani. Chini, ng'ambo, Bi Chujio alikuwa ameshageuza kiti chake kututazama. Simu zilikuwepo, lakini Bi Chujio alikuwa mzito wa masikio na kwenye simu alisikia nusu tu. Dirishani walielewana kwa mikono. Mmoja hawezi kushuka, mwingine hawezi kupanda, mtaa mzima umepita katikati yao.

Kila asubuhi Bi Chujio aligonga goti lake kwa kiganja na kuinua kidevu: miguu inaendeleaje? Shangazi alipunga mkono: kesho.

Nani alimshauri abebwe? Sote. Fundi viatu alijitolea, Baba alijitolea. Tungemweka kwenye kiti, wanaume wawili, dakika tano kazi imekwisha. Alikataa katakata. "Debe ndilo linalobebwa," alisema. "Mimi nitashuka." Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu mwenyewe asiposikia, guu la nani huvunjika? Nilimuuliza hivyo siku moja kwa hasira. Akanijibu, "Lake, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, lako halitavunjika."

Hatimaye alibebwa bila kuulizwa. Alianguka jikoni, akagonga kichwa kwenye kona ya meza, akapoteza fahamu. Fundi viatu na Baba walimshusha ndani ya shuka, mmoja kichwani mmoja miguuni, na kwenye kila ghorofa milango ilifunguliwa watu wakatazama. Ghorofa ya kwanza alizinduka. Aliviona vichwa vimejipanga milangoni, akafumba macho tena kwa makusudi. Nilimwona.

Hospitalini alipata daktari mwanamke, mdogo kwa umri kuliko mimi, mwenye subira. Yule daktari hakuanza na mguu. Alianza na chakula. Nyama? Miaka tisa hapana. Mayai? Hapana. Maziwa? Miaka minne hapana. "Unakula nini, mama?" Shangazi akataja mboga, maharage, na mbegu za alizeti kila siku gramu thelathini kamili. Daktari akatikisa kichwa na kuagiza kipimo cha damu, siyo kile cha kidole.

Majibu yalipokuja alivuta kiti akakaa. Alisema kuna vitamini moja, B kumi na mbili, inayolinda mishipa ya fahamu. Inapatikana kwenye vitu vya mnyama. Kwenye mimea haimo, uikaange, uichemshe, ule gunia zima. Mwili una akiba yake, unaitumia miaka bila kukwambia, na akiba ikiisha ganzi inaanza.

"Lakini damu yangu walisema nzuri," Shangazi akasema.

"Inawezekana mbegu zako ndizo zilizoipendezesha, mama. Zina foleti nyingi, nayo ni vitamini nyingine. Foleti inaweza kuifanya damu ionekane haina shida huku mishipa inaumia chini kwa chini."

"Na yale maziwa ya soya?" nikauliza mimi. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Soya yenyewe haina. Lakini yale yaliyoongezwa, glasi moja kwa siku ingetosha kumlinda."

Shangazi alikuwa akitazama dari. "Kwa hiyo nilichokikosa ni hicho kilichoongezwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mikrogramu."

"Mbili na kitu kwa siku. Mwili hauhitaji zaidi."

Daktari alipotoka tukabaki sisi wawili na harufu ya dawa. Shangazi hakulia, hana kawaida hiyo. Akasema, "Debe zima nilikuwa namwaga kwa tofauti ya alama mbili. Alama mbili, mwanangu, kwa jicho la kawaida huzioni. Mtu analia mbele yangu, watoto wake wanasubiri, namwambia alama ni alama. Halafu mimi nikacheka." Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba tulicheka sote, lakini sijui kama ingemsaidia.

Alichomwa sindano mfululizo, kisha muuguzi akawa anakuja nyumbani kila wiki. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mikono itapona, mguu wa kulia utapata nafuu, wa kushoto umechelewa mno, asiutegemee. Shangazi alirudishwa juu akiwa amebebwa tena, na alipowekwa kitandani alituambia sote, fundi viatu akiwa bado anafuta jasho, kwamba hiyo ilikuwa ya mwisho. "Sibebwi tena. Nikifa mnaweza." Akaanza pia kunywa maziwa ya soya, glasi kila asubuhi. Alitikisa boksi kwa nguvu, akamimina hadi kwenye mstari alioutia kalamu, akanywa bila kupumua, uso umekunjamana. Hakuyasifu hata mara moja. Mbegu hakuziacha, maana hazikuwa na kosa.

Mikono ikapona kweli. Mguu wa kulia ukaanza kusikia baridi ya sakafu, na siku hiyo tulifurahi kama watu walioshinda bahati nasibu. Wa kushoto ulikaa kimya.

Ndipo habari za Bi Chujio zilipokuja. Mwanawe wa kiume alikuwa anamhamishia kwake, mji mwingine, siku nzima barabarani. Aliniambia mwenyewe nilipokuwa natoka dukani, akinishika mkono kwa nguvu: "Jumamosi asubuhi. Mwambie mwenzangu ashuke tuagane. Mwambie siwezi kuondoka kwa kupungiana mikono kama watu wa stesheni."

Ilikuwa Jumatatu. Nilimwambia Shangazi, akasema nimpe viatu.

Siku tano zile sitazisahau. Tulifungua mlango asubuhi na alasiri, tukatoka kwenye ngazi. Jumatatu alishuka ngazi tatu. Jumanne tano. Alikuwa akiutazama mguu wa kushoto kwa macho ili ajue ulipo, kwa sababu ni macho tu yaliyobaki kumwambia, lakini akitazama mguu kichwa kinamzunguka, na asipotazama mguu unapotea. Jumatano alishuka ngazi tisa, mguu ukajikunja, nikamdaka kwa kifua changu, tukakaa chini ukutani tukihema. Alhamisi tisa tena. Nilimwona jinsi anavyopiga hesabu kimoyomoyo. Ijumaa, ngazi ya nane, alisimama, ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Tulikaa pale muda gani sijui, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza saa. Nilimrudisha juu nikimsukuma mgongoni.

Jumamosi saa tatu gari lilikuwa ng'ambo, nyuma wazi, godoro na kabati vimefungwa kwa kamba. Kiti cha barazani kilikuwa tayari juu ya mizigo. Bi Chujio alikuwa amekaa mbele kwenye gari, mlango wazi, miguu nje, anatazama mlango wa jengo letu. Hakutazama dirishani hata mara moja.

Shangazi alisimama dirishani kwa muda. Alikuwa amevaa gauni lake zuri tangu alfajiri. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Waite."

"Nani, Shangazi?"

"Unawajua."

Nilishuka mbio. Fundi viatu aliacha kiatu cha mtu juu ya kalibu yake ya chuma. Baba alikuwa tayari chini, maana alikuja kumuaga Bi Chujio, akapanda ngazi mbili mbili kwa umri wake ule. Shangazi akakaa kwenye kiti cha jikoni, akashika pande zote mbili, akasema, "Msiongee." Hawakuongea. Nilitangulia mbele nikiwaomba majirani wafunge milango yao, na wote walifunga. Kitu pekee nilichosikia ngazi zote arobaini na sita ni pumzi za wanaume wale wawili.

Chini kabisa, kabla ya mlango wa nje, akainua mkono. "Niwekeni hapa." Wakamweka. Akainuka, akanyoosha gauni, akanishika mkono, lakini si kwa kuning'ang'ania. Alinishika vile mama mzima anavyotembea na mwanawe. "Baki na hicho kiti ndani," akamwambia Baba. Tukatoka juani.

Ni hatua kumi na saba mpaka kwenye gari. Kila hatua nilisikia uzito wake wote ukinijia, kisha ukiondoka, na kucha zake zikizama kwenye mkono wangu chini ya kanga. Uso wake ulikuwa unacheka. Bi Chujio alipomwona alipiga makofi, akalia, akacheka, akamvuta kichwa kifuani kwake. Walishikana mashavu. Yale waliyoambiana mengine hayakuwa yangu, niliangalia pembeni. Mwanawe akawasha gari, na Bi Chujio akamtazama Shangazi kuanzia usoni mpaka chini kwenye viatu.

"Miguu imepona?" akauliza kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri.

"Imepona," Shangazi akajibu.

"Umeshuka mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ngazi zote."

"Basi utakuja kunitembelea."

"Nitakuja."

Bi Chujio akanitazama mimi. Labda alitaka kuona kama uso wangu unakubaliana na maneno yale. Nilitabasamu. Akaingiza miguu ndani, mlango ukafungwa, gari likaenda polepole kwa ajili ya kabati, na mkono wake ukabaki nje ya dirisha mpaka kona. Shangazi naye alipunga, ameinua kidevu, mpaka mtaa ukabaki na watu wasio wetu.

Alishusha mkono. Hakugeuka.

"Nishike vizuri sasa," akaniambia. "Tangu mlangoni sijui mguu uko wapi."